Mwavuli wa Somo

Mwavuli ule haukuwahi kufunguliwa. Nalisema hili mapema, maana wasiomjua Somo hudhani natia chumvi. Mvua ya London inyeshe itakavyo, yeye atapita Kilburn nzima na mfuko wa plastiki kichwani, mwavuli umefungwa, kaushika mkono wa kulia. Ukimuuliza mbona haufungui, atakuangalia kwa huruma, kama umevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. "Utalegea," atasema. "Ukilegea nitawapimia nini watoto wa watu?"

Yataka maelezo. Katika harusi zetu sisi watu wa Mombasa, hata zikifanyiwa ukumbi wa kukodi kule Harrow, wanawake wana mahali pao na mlango wao. Ndani mabuibui yanavuliwa, nywele zinaachwa wazi, watu wanacheza mpaka visigino vinauma, na mwanamume haoni. Mlangoni huketi Somo. Watoto wadogo wa kiume huingia na mama zao, hilo halina ubishi. Ubishi ni mpaka lini. Mama mwenye jitoto la miaka tisa, lenye sauti ya muadhini, atakuapia kwamba limetimiza sita juzi. Somo akachoka na viapo. Akageuza kreti la maziwa, akausimamisha mwavuli juu yake, ncha chini, mpini juu, akatangaza sheria: kichwa kikipita mpini, kwa wanaume. Hakuna umri, hakuna machozi, hakuna "Somo nakuomba". Kulikuwa na mtoto mmoja mrefu, karithi babake, akatolewa angali na chupa ya maziwa mkononi. Na kulikuwa na mwingine, mfupi, aliyeketi na wanawake mpaka akazijua siri za ndoa zote za Harrow. "Mwavuli hauna jamaa," Somo alikuwa akisema, na wote wakakubali, kwa sababu kweli haukuwa nao.

Mimi nilitolewa.

Nilizaliwa nikaambiwa ni mtoto wa kiume, nikavishwa kanzu na kofia kila Idi, na watu wote, wa kwanza mama yangu, wakaridhika na habari hiyo. Mimi sikuridhika. Nilijua mapema kwamba ni msichana, kama unavyojua kwamba una njaa, hakuna anayekufundisha. Neno la kulieleza sikuwa nalo. Nilichokuwa nacho ni mlango ule. Nikiingia ndani, kwenye hina na asumini na wanawake wanaocheka kwa sauti ambayo barabarani hawaithubutu, nilikuwa naona nimefika kwetu. Kwa hivyo nilikua kwa hofu. Watoto wengine hufurahi suruali zikiwapungukia. Mimi zangu zikipanda kidogo tu, nilikosa raha wiki nzima.

Basi nikavumbua hila. Ndani ya kanzu nilikunja magoti. Kanzu haionyeshi kitu, na kwa harusi mbili nilipita chini ya mpini nikiwa nimebana pumzi, nikaenda zangu kwenye viazi vya karai. Harusi ya tatu Somo aliniona nikija tangu kule kwenye ngazi. "Huyu mtoto mbona anatembea kama bata?" akauliza. Kisha: "Hebu simama wima."

Nikasimama wima. Kichwa kikapita mpini, tena kwa mbali. Wanawake pale mlangoni wakaangua kicheko, mama naye akacheka huku ameficha uso kwa mtandio, na Somo akanipa jina palepale: Magoti. Nikashikwa mkono nikapelekwa kwa wanaume, waliokuwa wameketi kimya kama wanaongoja daktari, wakisemezana mambo ya viza na mpira. Nililia mpaka pilau ikanipalia. Tangu siku ile haja yangu duniani ilikuwa moja: nirudi mle ndani, kwa mlango uleule, bila kukunja kitu.

Sasa nimseme mwenyewe. Somo si jina, ni kazi: ndiye anayemfunda bibi harusi, anayemsinga kwa manukato, anayemwambia yale ambayo mama mtu anaona haya kuyasema. Jina lake la kupewa nalijua, na hamtalisikia kwangu. Wala msiniulize kazaliwa wapi na ni mtoto wa nani. Yeye mwenyewe akiulizwa alijibu, "Nimezaliwa zamani," akaendelea kumenya vitunguu.

Alivaa viatu vya marehemu mumewe. Viatu vya kike vya nchi hii, alisema, vimeshonewa watu wanaobebwa. Koti pia lilikuwa la marehemu, na mifuko yake ilikuwa mikubwa hata birika lingekaa. Sinki la jirani likiziba, anaitwa yeye. Umeme ukikatika, yeye ndiye anayepanda juu ya kiti na bisibisi mdomoni. Nilimwona kwa macho yangu Edgware Road ametia gunia la mchele begani, na yule Mwarabu wa dukani anamfuata nyuma mikono mitupu, anamsihi, "Mama, mama, ngoja nikusaidie," naye anamjibu kwamba asimtie kijicho. Kisha jioni anaketi mbele ya bibi harusi, anakunja miguu vizuri, anasema kwa sauti laini: "Mwanamke, mwanangu, ni mtu wa kulegea. Hanyanyui kizito."

Bibi harusi mmoja akamuuliza, "Na weye Somo?"

"Mimi niko kazini."

Hao mabibi harusi waliozaliwa huku walimtoa jasho kwelikweli. Anawafunda kwa Kiswahili, wanamjibu kwa Kiingereza. Mmoja alikuwa anasomea udaktari, akamsahihisha kila alilosema juu ya mwili wa mwanamke, kiungo kwa kiungo. Somo akamsikiliza mpaka mwisho, hakuelewa hata nusu, akamshukuru. "Sasa niambie," akasema, "mume akinuna tangu Ijumaa mpaka Jumatatu, kitabu chako kinasemaje?" Daktari akatazama dari. "Haya, sogea hapa."

Somo alikuwa na pembe za vugo, zile za nyati, zinazogongwa kwa kijiti wanawake wakiimba. Alizileta mwenyewe kutoka Mombasa, zimefungwa ndani ya leso. Uwanja wa ndege akasimamishwa na ofisa wa kukagua mizigo, akaulizwa hivi ni vitu gani. Kiingereza chake kilikuwa cha kununulia samaki tu. Basi akaona njia fupi ni kumwonyesha: akazigonga palepale, akaimba beti mbili za kumsifu bwana harusi. Watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakapiga makofi. Yule ofisa, maskini, akageuka mwekundu, akamwashiria apite. Maisha yake yote Somo aliamini kwamba wazungu ni watu wanaopenda vugo, ila hawana wa kuwapigia.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, ikaingia na balaa jipya: simu za kupiga picha. Somo alipoambiwa kwamba kile kidude kinaweza kumpiga mtu picha akicheza bila mtandio, na picha ikafika Mombasa kabla hajamaliza wimbo, alikaa kitako. Harusi iliyofuata akaja na beseni la kufulia. Kila mwanamke anayeingia, simu ndani ya beseni. Hakuna mgeni, hakuna mkwe, mama wa bwana harusi mwenyewe aliitoa yake huku akinung'unika. Beseni likawa linalia usiku kucha miguuni pake, naye akipokea. "Mkeo anacheza," nilisikia baadaye alikuwa akiwajibu waume wa watu. "Kama nyumba haiungui, piga kesho."

Wakati huo mimi nilikuwa mtu mzima, na nilikuwa nimeshamwambia mama. Nilimwambia jikoni, asubuhi, kwa maneno machache: mimi ni binti yako, na nitaishi hivyo. Mama akailaumu London. Akailaumu shule, akailaumu televisheni, akazilaumu zile nafaka za kwenye boksi alizonilisha utotoni. Hakunifukuza, sitamsingizia. Lakini nyumba ilijaa kimya, nikahamia chumba cha kupanga Kilburn, nikaenda kazini kwangu kwenye duka la miwani nikiwa na gauni langu na jina nililojichagulia. Mama alinipigia simu kila Jumapili. Jina la zamani aliogopa kulitaja, jipya ulimi ulikataa, basi akawa ananiita Magoti. Jina la aibu lile ndilo lililotuwezesha kusemezana.

Kisha mdogo wangu akaposwa. Akamwambia mama, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba dada yake asipokuwa ndani ya ukumbi wa wanawake, bibi harusi naye hatatoka chumbani. Mama akaniita. Alikuwa na jibu tayari, na nikaona ametulia nalo.

"Mimi si mwenye mlango," akasema. "Mwenye mlango ni Somo. Akikupitisha yeye, mimi ni nani?"

Alitulia kwa sababu alijua, kama tulivyojua wote, kwamba mwavuli hauna jamaa. Angenizuia mwingine, na yeye asigombane na mtu.

Watu waliniambia nende kwa Somo kabla ya siku yenyewe, nikamwombe. Sikwenda. Nani anaomba ruhusa kwenda harusi ya nduguye wa tumbo moja? Mnisamehe, lakini hilo lilinichoma, na linanichoma mpaka leo. Wakati huohuo niliogopa, naomba mlijue hili. Nilijua nikirudishwa pale mlangoni, mbele ya wanawake wote walionilea, basi imekwisha; nitaendelea kuishi London, lakini kwa watu wetu sitarudi tena. Nilishonesha gauni la kijani kwa fundi, nikajitanda, nikapanda treni kwenda Harrow.

Somo alikuwa palepale. Kreti, mwavuli, beseni. Amezeeka, viatu vilevile. Mbele yangu alikuwa anamfokea mwanamke mmoja aliyeficha simu ya pili kifuani. Ikaja zamu yangu.

"Shikamoo Somo."

"Marahaba." Akanyanyua uso. Mkono wake, kwa mazoea tu, ukaushika mwavuli ukausimamisha juu ya kreti. Mpini ulinifika kiunoni, na kidogo juu ya hapo. Akanitazama, akatazama mwavuli, akanitazama. Wanawake nyuma yangu wakasogea kuona. Na mimi, nawaapia, bila kukusudia, mtu mzima na gauni langu la fundi, nikajikuta nimekunja magoti.

"Magoti!" akasema Somo.

"Naam."

"Simama wima."

Nikasimama wima.

"Simu."

"Simu?"

"Simu yako! Ama weye unajiona nani, uingie na simu? Wenzako wote wametoa."

Niliitafuta ndani ya mkoba, nisiione, machozi yamejaa machoni, naye ananiharakisha kwamba nazuia watu. Nikaitia ndani ya beseni. Nilikuwa nimeshainua mguu wa kuingia, ndipo shangazi yangu, nduguye baba, akatokea ndani.

"Somo! Huyo mtoto wa kaka yangu!"

"Namjua."

"Basi mpime!"

"Nimpime nini?" Somo akauliza. "Mwavuli ni wa watoto wa kiume."

Shangazi akaanza yale ya London, London imetuharibia watoto. Hapo Somo akasimama, na si kawaida yake kusimama. "London?" akasema. "Weye umesahau kwetu? Aliyekupaka hina siku yako, mpaka kwenye kiwiko, aliyekupigia pembe kama hizi mpaka ukacheza na mama mkwe, alizaliwa nani yule? Hakuzaliwa akaitwa mtoto wa kiume? Kuna aliyemtoa? Ulimpa mguu akupake, ukamwambia ongeza maua. London hata hujaisikia." Somo akawageukia waliobaki. "Mwenye kuona haya ajitande, hakatazwi. Mwenye kuona zaidi ya haya, ngazi zile pale."

Siwadanganyi, wengine walijitanda. Wawili watatu walihamia upande wa pili wa ukumbi. Shangazi alichukua mkoba wake akaenda kuketi kwenye gari, akarudi biriani ilipopakuliwa. Lakini mdogo wangu aliniona kutoka kule kwenye kiti cha bibi harusi, akasahau mafunzo yote ya kuinamisha macho, akanipungia mikono miwili yenye hina. Na mama alikuja na trei la bajia. Hakunitazama usoni. "Zipitishe kwa wageni," akaniambia, "zitapoa." Nilizipitisha. Sijawahi kufanya kazi kwa furaha namna ile, na nilizipitisha mpaka watu wakaniomba niwaache.

Harusi kadhaa baada ya hapo hazikumwita Somo. Aliposikia hakutikisika. "Watarudi," akasema. "Nani atawapigia vugo, redio?" Wakarudi, maana wale waliojaribu kuziba nafasi yake mlangoni walikuwa na huruma, na ukumbi ukajaa wavulana wenye masharubu.

Nikawa namtembelea nyumbani kwake Kilburn siku za mapumziko. Maswali yake hayakuwa na adabu hata kidogo, na nilipenda kuulizwa naye kuliko kuhurumiwa na wengine.

"Weye unatoka ndevu?" aliniuliza siku moja, chai iko mdomoni.

"Zamani, Somo. Nilienda kuzichoma kwa mashine."

"Ehee. Mimi zangu ndiyo kwanza zinakuja." Akainua kidevu kwenye mwanga wa dirisha. Kweli, zilikuwepo, nyeupe, ngumu. "Sasa nambie, nimekuwa mwanamume?"

"Hapana, Somo."

"Nimekuwa nini?"

"Umekuwa Somo mwenye ndevu."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akanipa kibanio, akaegemeza kichwa, nikamng'oa moja moja, na kila nikivuta ananitukania ukoo mzima. Tangu siku ile kazi hiyo ikawa yangu. Hakusema hata mara moja kwamba ananielewa. Aliniambia tu nivute taratibu.

Mara ya mwisho kumkuta mwenye fahamu zake zote, miguu ilikuwa imeshavimba, viatu vya marehemu vimewekwa chini ya kitanda, vimepigwa rangi. Nikamng'oa ndevu, nikachemsha chai. Kulikuwa na harusi mwezi ule kule Harrow, na nilidhani atanisimulia habari za bibi harusi. Badala yake akanyoosha kidole kwenye kona.

"Uchukue."

Nikatazama. Mwavuli ulikuwa umeegemea ukutani.

"Mimi, Somo?"

"Nani mwengine? Wale wana huruma. Na hila za hao watoto nani anazijua kukushinda weye?"

"Watu watakubali?"

"Beseni liko bafuni," akasema, kama hakusikia. "Kreti utatafuta lako, hili nawekea dawa."

Nikauchukua. Ulikuwa mzito kuliko nilivyofikiri, na mpini umelainika kwa kushikwa. Nikamuuliza, kwa mzaha kidogo: "Na nikimwona anayekunja magoti?"

"Mwambie asimame wima."

Nikadhani amemaliza, nikainama kuchukua vikombe.

"Lakini kabla hujamtoa," akasema, "muangalie uso. Weye nilikuangalia magoti tu."

Nilitaka kumjibu, akanikata, akaniambia chai yake imepoa na nisimwagie machozi kwenye mkeka wake. Nikampashia chai. Nikambusu mkono, nikashuka.

Nje Kilburn nzima ilikuwa inanyeshewa, watu wamejibanza kwenye milango ya maduka. Nilisimama kituoni kungoja basi. Mzee mmoja wa Kiayalandi aliyesimama karibu nami akanitazama, akatazama nilichoshika, akaniuliza kwa upole kama umeharibika.

Nikamwambia hapana, mzima kabisa. Nikauvuta mtandio mbele kidogo, nikaloa chapachapa, nikaushika vizuri kwa mkono wa kulia.